Lubumbashi: Dola 2,000, mashine tatu, na santuri moja isiyotakiwa kuharibika

Sanduku ni la mbao, lina kufuli ndogo, na liko chini ya kitanda cha baba yangu mudogo, mtaani Kamalondo. Ndani mna santuri 212. Nimezihesabu mwenyewe. Nyingi ni zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, chache ni kubwa za 33, na sita ni za zamani kabisa, za mizunguko 78, nzito na zenye kuvunjika kama sahani ya udongo. Kwa zaidi ya miaka 25 hakuna hata moja iliyopigwa, kwa sababu mashine yake ilikufa na hakuna fundi aliyeweza kuifufua.

Mwaka jana mtoto wake anayefanya kazi Brussels alimtumia ujumbe wa sauti: "Papa, nimeweka dola 2,000 pembeni. Chagua mashine unayotaka, nitakuletea Desemba." Muzee akanirushia ujumbe huo pamoja na maneno machache: "Wewe ndiye ulisoma. Saidia."

Mimi nilisomea uandishi wa habari, si umeme. Lakini nilikubali haraka, na sababu si muziki peke yake. Kati ya santuri zile 212 kuna moja ya mizunguko 45 iliyorekodiwa Nairobi mwaka 1978. Miaka ile wanamuziki wengi wa kwetu walikuwa wanapanda kwenda kutafuta maisha kule. Orkestra Super Mazembe, ambayo mizizi yake ni huku Katanga, ilikuwa imefika Nairobi tangu 1974 na kujipatia jina kubwa. Kikundi cha santuri yetu hakikupata jina. Kilivunjika kabla sijazaliwa. Mpiga gitaa wake, ambaye pia anasikika akiimba ubeti wa pili, alikuwa baba yangu. Alifariki nikiwa na miaka sita. Ninachokijua cha sauti yake ni kaseti ambayo baba mudogo alinakili kutoka kwenye santuri hiyo mwaka 1998, kwenye ile mashine ya zamani iliyokuwa inakaribia kufa. Nakala nyingine ya santuri hatujawahi kuipata.

Kwa hiyo swali halikuwa "mashine gani ni nzuri". Swali lilikuwa: mashine gani tutaiamini iweke sindano yake juu ya ile santuri?

Kwanza, kwa nini isiwe ya bei ndogo

Wasomaji wengi watauliza hivyo, na ni haki yao. Sokoni na mtandaoni kuna mashine za santuri zenye umbo la sanduku la safari, za dola 60 au 70, zenye bafle ndani yake. Zinapendeza kwa macho. Tatizo ni kwamba nyingi hazina uzito wa nyuma wa kusawazisha mkono, na sindano yake hukandamiza santuri kwa nguvu mara mbili au tatu ya inayohitajika. Sindano nzuri ya leo hufanya kazi kwa uzito wa gramu 2 hivi. Ukiiwekea santuri gramu 5 au 6, tena kwa sindano iliyochoka, kila unapoipiga unaikwangua kidogo. Santuri inayopatikana kila kona unaweza kuihatarisha. Ya kwetu hapana.

Mashine ya santuri ina kazi chache tu: kuzungusha santuri kwa kasi iliyo sawasawa, kutoongeza mtikisiko wake yenyewe, na kushika sindano katikati ya mfuo bila kuyumba. Ugumu ni kwamba mfuo wenyewe ni mwembamba kiasi kwamba mtikisiko wowote wa mota, wa meza, hata wa mtu anayepita na viatu vizito, sindano inausoma kama sehemu ya wimbo. Pesa unazolipa juu zinakwenda hapo, kwenye kitovu kilichochongwa vizuri, kwenye mota isiyonguruma, kwenye mkono usiolegea.

Ndugu yangu wa Brussels alituletea majina matatu. Tuliyajadili kwa wiki tano, kwa ujumbe wa sauti, mara nyingine usiku sana.

Ya kwanza: Linn ya Scotland

Linn Sondek LP12 inatengenezwa Glasgow tangu mwanzo wa miaka ya 1970. Sahani yake imekaa juu ya fremu inayoning'inia kwenye springi tatu, na mota inaizungusha kwa mkanda wa mpira, ili mtikisiko wa nje na wa mota usiifikie sindano. Wapenda muziki wa Ulaya wanaizungumzia kwa heshima kama sisi tunavyozungumzia gitaa la Docteur Nico. Ilipotimiza miaka 50, mwaka 2023, kampuni ilitoa toleo maalum la mashine 250 tu, kwa bei ya paundi 50,000 kila moja. Ndiyo, umesoma vizuri. Kwa pesa hizo hapa unajenga nyumba.

Ya kwetu isingekuwa hiyo. Ndugu yangu alipata iliyotumika, ya miaka ya 1980, ndani ya bajeti. Na LP12 ina sifa moja niliyoipenda kweli: mtu mwenye mashine ya zamani anaweza kuiwekea vipuri vipya kidogo kidogo, leo kitovu, mwaka ujao mkono, bila kuitupa.

Baba mudogo alivutiwa sana. Mimi pia. Halafu tukauliza swali la kijinga ambalo tungepaswa kuanza nalo: inapiga 45? LP12 za zamani zilitengenezwa kwa 33 tu. Kwa 45 unahitaji kipande cha kuvisha kwenye puli ya mota, na kila ukitaka kubadilisha unaondoa sahani. Muzee mwenye santuri za 45 zaidi ya 170, nyingi zikiwa na wimbo uliogawanywa pande mbili, sehemu ya kwanza huku na seben kule, hawezi kuishi hivyo. Isitoshe, zile springi zinahitaji fundi anayejua kuzipima na kuzisawazisha. Hapa Lubumbashi hatukumpata.

Nilijifunza kitu hapo. Sifa ya mashine imeandikwa na watu wenye santuri zao, katika nyumba zao. Wao wana rafu za LP za 33. Sisi tumekulia kwenye 45.

Ya pili: Rega ya Uingereza

Hii ndiyo iliyokuwa chaguo la ndugu yangu. Rega ilianzishwa mwaka 1973 na Tony Relph na Roy Gandy, na jina limetokana na herufi mbili za mwanzo za kila mmoja. Planar 3 yao iko sokoni tangu miaka ya 1970. Wao wanafikiri kinyume cha Linn: hakuna springi, hakuna uzito mwingi. Msingi ni mwepesi lakini mgumu, kwa hoja kwamba kitu kizito huhifadhi mtikisiko na kuurudisha taratibu. Sahani ni ya kioo. Mkono wake unasifiwa hata na wanaopendelea mashine nyingine.

Ndugu yangu alikwenda dukani kule na santuri ya African Jazz mkononi, akaomba waipige kwenye Rega na kwenye Technics. Aliturudishia ujumbe wa dakika saba. "Yaya, kwenye Rega ile gitaa la mi-solo inatoka mbele, unaweza kuifuata peke yake mpaka mwisho. Kwenye ile nyingine yote iko sawa, lakini sikusisimka." Nilimwamini. Hana sababu ya kudanganya, na masikio yake yamelelewa na sanduku lile lile.

Bei nayo ilikuwa nzuri, kama dola elfu moja na kidogo, ikibaki nafasi ya sindano bora.

Kilichotukwamisha ni kitu ambacho muuzaji wa Brussels hana sababu ya kukifikiria. Mota ya Planar 3 hufuata mapigo ya umeme wa ukutani. Umeme wa kwetu, kama wa Ulaya, unatakiwa kuwa na mapigo 50 kwa sekunde, na mota inahesabu kasi yake kutoka hapo. Mapigo yakishuka, santuri inapunguza mwendo na wimbo unashuka sauti.

Sasa njoo Kamalondo saa mbili usiku. Umeme umekatika, na baba mudogo anatumia jenereta anayochangia na jirani. Fundi wa mtaa alituwekea kipimo chake kwa jioni moja. Mtu akiwasha pasi, mapigo yanashuka hadi 47. Akiizima, yanaruka hadi 53. Hiyo ni asilimia sita chini, asilimia sita juu, na asilimia sita ni karibu nusu-toni nzima. Fikiria Kabasele akiimba huku mtu anapanda na kushuka ngazi.

Rega wenyewe wanauza kifaa cha pembeni kinachotengeneza mapigo yake safi na kuifanya mashine isitegemee ukuta. Kifaa hicho pia hukuwezesha kubadilisha 33 na 45 kwa kubonyeza, badala ya kunyanyua sahani ya kioo na kuhamisha mkanda kwa kidole. Ni suluhisho la kweli, na mwenye kuipenda Rega asikatishwe tamaa na makala hii. Lakini ukikinunua, ile nafuu ya bei inaisha karibu yote.

Ya tatu: Technics ya Japani

Kila aliyewahi kuingia kwenye boîte anaijua kwa sura, hata kama hajui jina lake. SL-1200 ilitoka mwaka 1972, ikitengenezwa na Matsushita, kampuni ambayo leo inaitwa Panasonic. Walichokuja nacho ni kuondoa mkanda: mota iko moja kwa moja chini ya sahani, na sahani yenyewe ni sehemu ya mota. Toleo la MK2 la mwaka 1979 lilifungwa kwa saa ya kwazi, na ndilo lililotekwa na madidjei wa dunia nzima. Mwaka 2010 kampuni ikaacha kuitengeneza. Mwaka 2016 ikairudisha, safari hii ikiwalenga wasikilizaji wa nyumbani, kwa mota mpya isiyo na kiini cha chuma ili kuondoa ule mvuto wa kidogo kidogo ambao watu wa mkanda walikuwa wakiulaumu siku zote. SL-1200GR, ndogo ya ile ya kwanza, ilifuata 2017 kwa bei ya takribani dola 1,700 kule Marekani, bila sindano.

Sababu ya kuichagua ilikuwa ndefu kuliko tulivyotegemea. Inapiga 33, 45, na ukibonyeza vitufe vyote viwili pamoja, 78. Kasi yake inatoka kwenye kwazi ya ndani, kwa hiyo jenereta ikiyumba sahani haijali. Na kichwa kinachoshika sindano kinafunguliwa kwa kuzungusha pete moja, unaweka kingine.

Hilo la mwisho ndilo lililonishawishi. Santuri za muzee si za aina moja. Zile za kabla ya mwisho wa miaka ya 60 nyingi ni mono, na sindano ya mono haisikii kelele zile za juu na chini ambazo ndizo nusu ya mikwaruzo tunayoilalamikia. Zile za 78, mojawapo ikiwa ya Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952, zina mfuo mpana. Zinataka sindano yenye ncha ya mikroni 65 hivi, wakati ya kawaida ni kama 18. Ukiweka ya kawaida inazama hadi chini ya mfuo na kukwangua takataka zilizolala pale. Ukifanya kinyume, yaani sindano ya 78 juu ya 45, umeua santuri.

Kwenye Rega kichwa hakitoki. Kubadilisha sindano ni kazi ya bisibisi na nyaya nne nyembamba kama nywele. Mikono ya baba mudogo inatetemeka siku hizi.

Ndugu yangu hakufurahi. "Munanunua mashine ya didjei," alisema. Baba mudogo alimjibu kwamba yeye hatanunua mashine ya kusisimua watu wa Brussels. Wakakaa siku tatu bila kuandikiana, halafu kijana akapata GR iliyotumika miezi michache tu, na pesa ikabaki ya vichwa viwili.

Mambo ambayo hakuna anayeyauliza dukani

Nayataja kwa sababu yalitugharimu muda.

Santuri inatoa umeme mdogo sana. Sindano ya kawaida ya sumaku hutoa kama milivolti 5, wakati mashine ya CD inatoa volti 2, mara mia nne zaidi. Kwa hiyo huwezi kuchomeka popote. Ampli lazima iwe na tundu lililoandikwa PHONO, au ununue kifaa cha kati. Ampli ya muzee ni ya miaka ya 80 na ina tundu hilo. Nyingi za sasa hazina. Kuna vichwa vingine vya bei ya juu, vya koili, ambavyo hutoa hata chini ya nusu milivolti. Hivyo vinadai kifaa chenye nguvu zaidi, na sindano ikichakaa mara nyingi unarudisha kichwa kizima kiwandani. Kwa mtu wa Lubumbashi naona ni kujitafutia taabu. Kichwa cha sumaku, sindano ikiisha baada ya saa elfu moja hivi, unachomoa ya zamani na kuchomeka mpya kwa vidole.

Mashine isikae juu ya bafle wala kwenye meza moja nayo. Besi ya rumba inarudi kwenye sindano, sindano inaipeleka tena kwenye bafle, na chumba kizima kinaanza kuunguruma. Sisi tuliomba kipande cha jiwe kwa mtu anayekata marumaru za jikoni, tukakiweka juu ya kabati zito, upande wa pili wa chumba.

Safarini, sahani iondolewe, uzito wa nyuma ufunguliwe, mkono ufungwe. Mashine yetu ina kilo zaidi ya 11. Ndugu yangu aliibeba sahani kwenye mzigo wa mkononi, na uwanja wa ndege walimwuliza kama ni kipuri cha gari.

Na kabla ya yote hayo, osha santuri. Maji yaliyochujwa, tone la sabuni laini, kitambaa kisichotoa nyuzi, na usiloweshe karatasi ya katikati. Lakini zile za 78 zisiguswe na spiriti, inaziyeyusha. Tuliosha 45 arobaini Jumamosi moja na maji yalitoka rangi ya chai.

Jioni ya Desemba

Tulianza na santuri ambazo tunazo mbili mbili, kujaribu. Tulipima uzito wa sindano mara tatu. OK Jazz ilipigwa, jirani akaja kusimama mlangoni, watoto wakacheza. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa binadamu, na nilifurahi kama wengine, lakini urithi wenyewe uko kwenye masanduku kama haya, chini ya vitanda, na mwingi unaliwa na unyevu.

Saa nne watoto walipolala, baba mudogo alitoa ile ya 1978. Tuliwasha kwanza kompyuta ili irekodi, maana tulikubaliana kuipiga mara moja tu kila upande usiku huo.

Nilikuwa nimejiandaa kusikia sauti ya kaseti, ile nzito, iliyochoka kidogo, ya mtu mzima. Nimeishi nayo tangu utotoni. Iliyotoka kwenye bafle ilikuwa nyingine. Ilikuwa juu zaidi, nyepesi, na wimbo ulikwenda mbio kuliko nilivyoujua. Kwa sekunde kadhaa nilidhani tumekosea kitufe. Nikaangalia vidoto vya pembeni mwa sahani: vimesimama. Kasi ilikuwa sawasawa.

Mashine ya zamani ndiyo iliyokuwa inakosea. Grisi iliyoganda na mpira uliochoka vilikuwa vinaivuta nyuma, na mwaka 1998 tulinakili kosa hilo kwenye kaseti.

Baba mudogo hakushangaa. Alikuwa ameinamisha kichwa, anapiga pigo la klave kwa kidole juu ya goti. "Alikuwa na miaka 24," alisema. "Ndivyo alivyokuwa anaimba." Kisha akanyoosha mkono kuelekea mashine. "Geuza, mtoto wangu. Seben iko upande wa pili."

Sindano ya 78 haikupatikana Brussels kabla ya safari. Ndugu yangu ameiagiza na anasema itafika na mtu anayekuja Pasaka. Mpaka hapo Mwenda anabaki sandukuni, amefungwa kwa gazeti, na muzee amehamisha ufunguo kutoka chini ya mto hadi shingoni.